Tovuti ya pili ya pointi: ipi inamfaa mtu wa Mwanza?

Mtu akishafungua akaunti kwenye tovuti moja ya kukusanya pointi zinazogeuzwa pesa, akajaza madodoso, akaona namba zinapanda, swali linalofuata huwa ni lile lile: niongeze nyingine? Nalisikia kwa wanafunzi wa Malimbe, kwa vijana wanaouza vifaa vya simu Makoroboi, na kwa akina mama wa Mwaloni Kirumba, ambao mbalamwezi ikiingia mitumbwi ya dagaa hupumzika na wao wanabaki na siku kadhaa zisizo na mzigo. Wote wana simu janja, wote wana muda fulani wa bure, na wote wameshaambiwa na mtu kwamba ukiwa na tovuti mbili unapata mara mbili.

Hupati mara mbili, na wapo wanaopata pungufu kuliko walipokuwa na moja. Ya pili inaweza kukusaidia kweli, ila kwa masharti mawili. Iwe ya aina nyingine kabisa na ile uliyonayo, na uichague kwa kuanzia kwenye njia ya kutoa pesa, siyo kwenye zawadi ya kujisajili. Hapa nalinganisha aina nne ambazo watu huziongeza, kwa jicho la mtu anayeishi Nyegezi au Igoma, mwenye laini ya Tanzania, bando la kupimapima na haja ya pesa inayoshikika.

Kwanza, pesa inatokaje?

Tovuti nyingi za pointi zilijengwa kwa ajili ya Wamarekani na watu wa Ulaya. Swagbucks, iliyoanza mwaka 2008 na ambayo jina lake ndilo utakutana nalo kila mahali, hupokea wanachama wa nchi ilizoziorodhesha, kama Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. InboxDollars ni ya wakazi wa Marekani. Kwa hiyo ukisoma sifa za tovuti hizo usidhani zinakuhusu. Mtu wa Ohio anayesema anapata dola 50 kwa mwezi anazungumzia madodoso ambayo hayaletwi kwenye simu ya mtu wa Buzuruga, na huenda analipwa kwa kadi ya zawadi ya duka lililo jirani na kwake.

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza kuusoma ni wa malipo. Chagua Tanzania kwenye orodha ya nchi, kisha angalia ni njia zipi zinazobaki. Mara nyingi orodha ndefu inapukutika ghafla.

PayPal, pochi ya mtandaoni ya kimataifa, ndiyo inayotajwa zaidi, na ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa muda mrefu akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia manunuzi, siyo ya kupokea. Wenzetu wa Kenya wanapokea, na tangu mwaka 2018 wanaweza kuhamishia M-Pesa yao moja kwa moja. Kuna watu wa kanda yetu wanaoamua kufungua akaunti kwa anwani ya Kisumu au kwa jina la shemeji aliyeko Migori. Siwashauri. Siku PayPal ikiomba kitambulisho na uthibitisho wa anwani, jina halilingani, akaunti inawekewa vizuizi, na salio linaweza kushikiliwa hadi siku 180. Umefanya kazi miezi mitatu, pesa unaiona kwa macho, na huna wa kumlalamikia kwa sababu wewe ndiye uliyetoa taarifa zisizo zako.

Payoneer inafanya kazi Tanzania na inaleta pesa kwenye akaunti ya benki. Kwa mtu anayefanya kazi kubwa za mtandaoni, kama tafsiri au kubuni nembo, ni njia nzuri. Kwa mkusanya pointi ina jambo moja la kulisoma kabla hujabonyeza chochote: imekuwa ikitoza ada ya mwaka ya dola 29.95 kwa akaunti iliyopokea chini ya kiwango ilichokiweka ndani ya miezi 12. Kwa dola ya shilingi 2,500, ambayo ndiyo nitakayoitumia kwenye hesabu zote hapa, hiyo ni karibu shilingi 75,000. Mkusanya pointi wa kawaida hafiki hata robo ya kiwango hicho, kwa hiyo ada itamgusa. Wengi hawaijui mpaka salio linapokatwa.

Kadi za zawadi za maduka ya nje zina thamani kama unanunua kitu huko: programu, mchezo, au kitabu cha kusoma kwenye simu. Kama lengo ni unga na kodi ya chumba, utalazimika kumuuzia mtu kadi kwa bei ya hasara, na soko la kuuziana kadi lina matapeli wengi. Sarafu za kidijitali nazo zipo kwenye baadhi ya tovuti. Kumbuka kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwa haizitambui kama fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Anayezijua vizuri ataamua mwenyewe. Asiyezijua asijifunzie kwenye dola tano alizozitolea jasho.

Kisha kuna malipo ya vocha, au pesa inayoingia moja kwa moja kwenye simu. Viwango vyake ni vidogo, haviwezi kujipigia debe, lakini vinafika. Mtu wa hapa hii ndiyo njia ya kuitafuta kwanza.

Ya pili inayofanana na ya kwanza

Hii ndiyo inayochaguliwa na watu wengi, na ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Tovuti ya pointi haitungi madodoso. Kampuni inayouza sabuni, bia au huduma za benki inataka kujua wateja wanasemaje. Inailipa kampuni ya utafiti. Kampuni ya utafiti inaweka dodoso lake kwenye soko la madodoso. Na tovuti yako inalichukua huko na kukupa sehemu ya malipo. Masoko yenyewe ni machache na yanazidi kumezana. Cint ya Sweden, kwa mfano, iliinunua Lucid ya Marekani mwaka 2021, na zote mbili zilikuwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa. Matokeo yake ni kwamba tovuti mbili zenye majina tofauti, rangi tofauti na nembo tofauti zinakuletea dodoso moja. Ni sawa na kutega nyavu mbili kwenye maji yale yale: samaki hawajaongezeka, kilichoongezeka ni kazi ya kuvuta.

Wamiliki nao ni wale wale. Kampuni ya Prodege yenye Swagbucks iliinunua MyPoints mwaka 2016, na mwaka 2019 ikaichukua InboxDollars na pia ClixSense, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa ySense. Mtu anaweza kudhani ana akaunti kwa kampuni tatu zinazoshindana, kumbe zote ni za nyumba moja.

Sasa angalia kinachotokea kwenye simu. Saa mbili usiku unafungua tovuti ya kwanza, unaona dodoso la dakika 15. Unaingia, unaulizwa umri, mkoa, kipato cha kaya, kama unanunua maziwa ya unga, kama kuna mtu nyumbani anayefanya kazi kwenye matangazo. Baada ya maswali kumi na kitu unaambiwa asante, hulingani na watu tunaowatafuta. Unahamia tovuti ya pili. Dodoso la dakika 15, pointi zinazokaribiana. Unaingia, umri, mkoa, kipato, na ghafla skrini inageuka: umeshashiriki utafiti huu. Soko limekutambua kwa alama za simu yako na anwani yako ya intaneti, ingawa jina la tovuti ni jingine. Bando limekwenda, dakika zimekwenda, pointi sifuri.

Baya zaidi ni pale mfumo unapokupokea kimakosa mara ya pili. Unajaza mpaka mwisho, pointi zinaingia, unafurahi. Wiki kadhaa baadaye mwenye utafiti anachuja majibu, anakuta mtu mmoja amejibu mara mbili, anayakataa yote mawili. Pointi zinanyofolewa kwenye tovuti zote mbili, na akaunti yako inapata doa. Madoa yakizidi, akaunti inafungwa siku ile ile unapoomba kulipwa, kwa sababu hapo ndipo wanapokagua kwa makini.

Kuna hili la mabweni na nyumba za kupanga pia. Vijana sita Malimbe wanachangia Wi-Fi moja. Mmoja anagundua tovuti, anawaalika wenzake ili apate pointi za mwaliko, na wote wanajisajili usiku huo huo. Kwa upande wa tovuti, hizo ni akaunti sita kutoka anwani moja ya intaneti, zilizofunguliwa ndani ya saa moja, zote zikiwa chini ya mwaliko wa mtu mmoja. Sheria nyingi za tovuti hizi zinaruhusu akaunti moja kwa mtu, na baadhi huruhusu moja tu kwa kaya. Hakuna aliyedanganya pale, lakini wote sita wako hatarini. Kila mmoja atumie bando la laini yake mwenyewe, na wasikubali mialiko ya chumba kimoja.

Kuna mazingira ambamo ya pili ya aina hii ina maana: kama ya kwanza inalipa kwa njia usiyoweza kuifikia na ya pili inalipa kwenye simu. Hapo usiseme umeongeza. Umehama. Hamia kabisa, uiache ile ya kwanza.

Ofa na michezo

Aina ya pili haikuulizi maoni. Inakuambia pakua mchezo huu, ufikishe ngazi ya 20 ndani ya siku 14, upate pointi elfu kadhaa. Au fungua akaunti kwenye programu fulani, au jaribu huduma kwa wiki moja. Freecash ni mojawapo ya majina yanayojulikana hapa. Pointi zake zinavutia sana zikiwekwa pembeni ya pointi 50 za dodoso.

Ubora wake ni kwamba ni chanzo tofauti kweli. Mtu mwenye tovuti ya madodoso akiongeza ya ofa, hazigombanii kitu kimoja. Hiyo ni hoja nzito na nisingependa kuipuuza.

Lakini zina gharama ambazo mtu wa Marekani mwenye intaneti isiyo na kikomo hazioni. Mchezo mmoja unaweza kula megabaiti mia kadhaa kabla hujaanza kucheza, kisha unaongeza mafaili kila unapopanda ngazi. Simu yenye nafasi ndogo inajaa. Ufuatiliaji wenyewe ni dhaifu: ukipakua mchezo kutoka Play Store badala ya kupitia kiungo cha ofa, au kama uliwahi kuwa nao zamani ukaufuta, hakuna pointi hata ukimaliza ngazi zote. Na ngazi za mwanzo zinapita kwa siku moja, halafu ghafla mchezo unakuwa mzito kiasi kwamba unashawishika kununua dhahabu ya kuharakisha. Ukishanunua, wewe ndiye unayelipa.

Anayefaa ni mwenye Wi-Fi halali kazini au nyumbani, simu yenye nafasi, na subira ya kupiga picha ya skrini kila ngazi ili awe na ushahidi akikataliwa. Afanye ofa moja tu kwa wakati, na ofa yoyote inayotaka namba ya kadi ya benki kwa ajili ya "majaribio ya bure" aiache. Siku ya nane inafika haraka kuliko unavyodhani, na kukata usajili kwenye kampuni ya nje siyo jambo la kubonyeza mara moja.

Madodoso ya Afrika yanayolipa kwa simu

Wapo watafiti wanaoitafuta sauti ya mtu wa Mwanza kwa makusudi, siyo kwa bahati. GeoPoll ni mfano ulio wazi: inafanya utafiti katika nchi nyingi za Afrika ikiwemo Tanzania, kwa ujumbe mfupi, kwa kupiga simu na kwa programu yake, na humlipa mshiriki kiasi kidogo kwa njia ya simu, hasa salio la muda wa maongezi. Maswali yanahusu redio unayosikiliza, bei ya chakula, mtandao unaotumia, mavuno. Haya ni mambo unayoyajua. Hakuna anayekuuliza kama umenunua gari jipya mwaka huu.

Kama tayari una tovuti ya kimataifa ya madodoso, hii ndiyo ya pili ninayoipendekeza kwa watu wengi. Chanzo ni kingine, wateja ni wengine, na pesa haipitii Ulaya kabla ya kukufikia. Kutolewa njiani kunapungua kwa sababu wanakutafuta wewe hasa: mkazi wa mkoa fulani, wa rika fulani, anayetumia laini fulani.

Kasoro yake ni uchache. Unaweza kukaa wiki mbili bila dodoso hata moja, kisha yakaja mawili siku moja. Huwezi kulipangia. Mtu anayetaka kukaa kila jioni saa nzima akifanya kazi atachoka nalo na kuliita bure. Halikuumbwa kwa ajili hiyo. Liache likae kwenye simu, likija ulijibu kwa ukweli, basi.

Kuhusu kujibu kwa ukweli, niseme jambo hapa kwa sababu linagusa aina zote. Kuna maswali ya kupima umakini yaliyofichwa katikati: "Kwenye mstari huu chagua sikubaliani kabisa." Anayebonyeza bila kusoma anakamatwa hapo. Kuna pia maswali yanayorudi kwa sura nyingine, mwanzo umri, mwishoni mwaka wa kuzaliwa. Mtu aliyejifanya ana watoto watatu ili akubaliwe kwenye dodoso la nepi, wiki ijayo akasema hana mtoto, amejichafulia wasifu wake mwenyewe. Na tuache hesabu ya pointi kando: majibu haya ndiyo yanayotumika kuamua bidhaa gani iletwe kwetu na kwa bei gani. Yanastahili kuwa ya kweli.

Pointi ulizonazo tayari

Aina ya nne haihitaji kujisajili popote. Laini yako ya simu ina mpango wa pointi kwa matumizi unayoyafanya kila siku, na pochi ya simu inakugawia faida kidogo kwa salio unaloliacha ndani. Tigo Pesa, ambayo sasa ni Mixx by Yas, ilianza kuwagawia wateja wake faida ya akiba ya pamoja mwaka 2014, na mitandao mingine ikafuata. Wengi wanapokea ujumbe wa gawio na kuufuta bila kuusoma.

Ni kiasi kidogo, sitakificha. Lakini weka pembeni ya tovuti ya pili inayokula saa tano kwa wiki: hii haiombi hata dakika, haiombi bando, haiwezi kukufungia akaunti kwa sababu ulitumia Wi-Fi ya jirani. Kwa mtu mwenye kibanda cha uwakala Mabatini au Igogo, ambaye salio lake la simu ni kubwa kuliko la mtu wa kawaida, kuangalia mpango wa pointi na gawio la laini zake zote ni jambo la kufanya kabla ya kufikiria dodoso la kigeni.

Hesabu ya saa moja

Tuchukue mfano wa kawaida. Tovuti ambayo pointi 1,000 ni dola moja. Dodoso la dakika 15 linatoa pointi 500, yaani nusu dola, yaani shilingi 1,250. Inasikika vizuri. Lakini kabla ya kulipata ulijaribu mengine matatu ukatolewa baada ya dakika tatu, nne na tano. Jumla ni dakika 27, siyo 15. Kwa mwendo huo saa moja inakupa karibu shilingi 2,800 kabla ya bando.

Sasa kiwango cha chini cha kutoa ni dola 10. Unahitaji madodoso 20 kama hilo, kwa dakika 27 kila moja: saa tisa kamili za kazi kwa shilingi 25,000. Na hayo 20 hayaji kwa siku moja. Madodoso ya Tanzania ni machache kwa sababu makampuni yanayotafuta maoni ya watu wa hapa kupitia masoko hayo ni machache. Ukipata mawili kwa siku ni bahati.

Ingiza tovuti ya pili inayofanana. Majaribio yanayokataliwa yanaongezeka, kwa sababu mengine umeshayafanya. Dakika 27 zinakuwa 35 au 40 kwa pointi zile zile 500. Na pointi zako sasa zimegawanyika sehemu mbili, kila sehemu ikiwa na kiwango chake cha chini. Mwisho wa mwezi una dola sita huku na dola tano kule, na huwezi kutoa popote. Ukiwa na moja ungekuwa umeshalipwa.

Ingiza badala yake dodoso la Afrika linalolipa kwa simu. Haligusi zile dakika 27, linaingia peke yake. Hapo ndipo neno "ongeza" linapata maana.

Fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe kabla ya kujisajili popote. Andika kwenye daftari saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na bando lililotumika, ukihesabu na madodoso uliyokataliwa. Wiki moja inatosha kukuonyesha.

Nani achague ipi

Mwanafunzi mwenye jioni ndefu: kama ya kwanza imeshakulipa, ongeza ya madodoso ya Afrika. Ofa za michezo ujaribu moja wakati wa likizo, siyo wakati wa mitihani.

Mama wa dagaa, au yeyote ambaye kazi yake ina siku za kusubiri: dodoso la kwenye simu, kwa Kiswahili kama lipo, linalolipa vocha. Usianze na tovuti ya kigeni inayodai wasifu wa kurasa nne kwa Kiingereza. Vocha hiyo utaitumia kuwapigia wateja wako wa Shinyanga na Kahama mitumbwi ikirudi ziwani giza likianza, na hapo imeshakuwa mtaji.

Mwenye duka au kibanda: anza na laini zako. Muda wako kaunta una bei kubwa kuliko dakika 27 za shilingi 1,250.

Mwenye kazi ya ofisi anayetafuta cha ziada: swali la kweli ni kama saa tisa kwa shilingi 25,000 ndiyo matumizi bora ya jioni zako. Ukiwa na ujuzi wowote wa kuuza, hata kuchapa barua za watu au kuwafundisha hesabu watoto wa majirani, utapata zaidi. Sikatazi, ila ulinganishe na hilo, siyo na kukaa bure.

Na ambaye tovuti yake ya kwanza haijawahi kumlipa hata mara moja: asiongeze chochote. Atoe kwanza. Malipo ya kwanza ndiyo yanayothibitisha kwamba jina, nchi na njia ya kutoa vinaelewana.

Ikikuomba pesa, siyo aina ya tano

Kuna programu zinazojiita za kazi na pointi, zinazokutaka uweke shilingi 30,000 au 50,000 ili ufungue "levo", kisha ubonyeze video kila siku na kuleta watu chini yako. Watu wanaziweka kwenye mizani moja na tovuti za madodoso kwa sababu zote zina pointi na mialiko. Hazifanani. Tovuti ya dodoso inalipwa na mteja wa utafiti. Ile nyingine inalipwa na wewe na wale uliowaleta, na watu wapya wakiisha, inazimika. Nchi hii iliona upatu wa DECI mwaka 2009, na wakuu wake walihukumiwa mahakamani mwaka 2013. Sura ya sasa iko kwenye simu na inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na ya vikoba, mara nyingi ikiletwa na mtu unayemwamini ambaye bado hajapoteza chake. Ukiletewa na dada au shemeji, mwambie mapema aitoe pesa yake.

Wenye ndugu nje

Swali la mwisho nalipata sana: dada yangu yuko Minnesota, anifungulie Swagbucks kwa jina lake niifanyie kazi kutoka hapa? Au nitumie VPN ionekane niko Marekani?

Usifanye. Kuficha nchi ni sababu ya wazi ya kufungiwa akaunti, na dodoso la Mmarekani litakuuliza mambo ya bima yake, jimbo lake na duka lake la jirani. Utadanganya kuanzia swali la tatu. Na inayoharibika ni akaunti yenye jina la dada yako, pamoja na barua pepe na anwani yake halisi.

Kama dada ana moyo wa kusaidia, afanye yeye mwenyewe, huko aliko, wakati wake wa mapumziko, na achague kulipwa kwa PayPal yake. Kisha akikusanya cha kutosha akutumie kwa njia ile ile anayotumia kutuma ada ya mtoto. Dola 25 zikitumwa mara moja makato yake ni nafuu kuliko dola tano zikitumwa mara tano, kwa hiyo msubiriane.